Ukienda Kumtembelea Binti Yako, Kaa

Mwanangu, najua ujumbe umekufikia. Kundi la wazazi la WhatsApp limeshatangaza. Jumamosi ni siku ya wazazi, geti linafunguliwa saa tatu asubuhi, magari yasiingie ndani, simu asiachiwe mtoto. Na najua ulichowaza uliposoma. Umewaza kazi. Umewaza nauli ya kutoka Dar. Umewaza kumtumia matroni hela kwenye simu amnunulie mtoto mahitaji, halafu wewe uende muhula ujao, ukiwa umetulia.

Kunywa chai kwanza, nikuambie. Unanijua, nimefundisha sekondari ya wasichana ya bweni mpaka nikastaafu. Siku za wazazi nimeziona nikiwa mwalimu wa zamu mwenye daftari la wageni pale getini, na nimeziona nikiwa mama mwenye hotipoti kwenye kapu. Muhula ujao hutakuwa umetulia. Umri wenu huo hauna muhula wa kutulia.

Utaniambia, si bibi yake yuko hapo hapo Moshi, aende yeye. Nimekwenda. Anakula, ananisimulia, ananikumbatia. Lakini macho yake yako barabarani.

Kwa hiyo nenda. Na ukienda, kaa. Hilo la kukaa ndilo linalowashinda.

Wazazi wengi hufika. Mtu anaingia saa nne, anakabidhi sabuni, mafuta na madaftari, anauliza umeshika nafasi ya ngapi, anapiga picha mbili tatu, saa sita anaanza kuangalia saa. Kwake kazi imekwisha. Nimewasindikiza wengi wa namna hiyo, na nikigeuka namwona binti anarudi bwenini na kapu lake, ana neno mdomoni ambalo halijatoka.

Mtoto wa bweni hasemi mara moja. Ukimuuliza habari za shule, nzuri. Chakula? Kizuri. Walimu? Wazuri. Mwache ale kwanza. Amekaa na ugali na maharage wiki ngapi, leo umemletea ndizi nyama, halafu unataka akupe ripoti? Akishashiba ataanza ya wenzake. Nani hasemeshani na nani, nani kaandikiwa barua na mvulana wa shule ya jirani, kiranja gani ana roho mbaya. Sikiliza, hata kama majina yanakuchanganya. Anapima kina cha maji kabla hajavuka. Baadaye mtanyamaza wote wawili. Hapo ndipo wazazi wengi huinuka, wakidhani mazungumzo yameisha. Bado. Neno lenyewe hutoka mnaposuuza vyombo pale bombani, au anapokunja mkeka, au zikiwa zimebaki hatua chache kufika getini. Na atalisema akiangalia pembeni, kama vile si kitu.

Mimi nilikuwa nalijua hilo kwa watoto wa watu. Kwa wangu nikalisahau. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Dada yako alipangiwa shule upande wa Morogoro. Nilikwenda kumwona Jumapili moja, na Jumatatu nina vipindi. Kichwani nilikuwa na Chalinze tu, kwa sababu mabasi ya Moshi yanayotoka Dar asubuhi yakishapita pale, umelala. Tukala, tukacheka. Akaniuliza, "Mama, unaondoka saa ngapi?" Nikamwambia, "Sasa hivi, mwanangu. Basi." Akasema, "Haya." Akanishika mkono mpaka getini.

Ripoti ilipokuja, hesabu chini, fizikia chini, kemia chini. Nikamgombeza kwa maneno ambayo sitayarudia mbele yako. Likizo ile tulikuwa tumesimama sokoni Mbuyuni, shangazi yako akatupungia kutoka ng'ambo ya barabara, na dada yako akaniuliza, "Yule ni nani?" Shangazi yake mwenyewe, aliyemlea. Kumbe ubaoni alikuwa haoni kitu tangu muhula uanze. Alikuwa ananakili kwa jirani yake wa dawati, na jirani akiugua, siku hiyo hakuna notsi. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, "Nilitaka kukuambia siku ile. Ukasema basi."

Miwani tuliipata hospitali ya KCMC bila shida. Muhula ule ndio haukurudi, na kwa muda mrefu hata yeye hakurudi vizuri kwangu. Ilibidi ningoje. Nilikuwa nakaa naye jikoni bila kumuuliza chochote, likizo baada ya likizo, mpaka akaanza tena kusimulia ya wenzake. Hapo nikajua anarudi.

Sasa nije kwenye hotipoti. Usibebe chakula cha mtoto mmoja.

Kila siku ya wazazi kuna wasichana wasiofikiwa na mtu. Wengine kwao ni Kigoma au Tunduru, na nauli ya kwenda na kurudi ni mtaji mzima wa genge la mama. Wengine walezi wamechoka. Wengine wazazi wapo, na gari wanalo, wako bize tu. Ukitulia utawatambua. Ndio wanaojitolea kubeba viti. Ndio wanaokumbuka kufua mashuka siku hiyo hiyo. Utamkuta mmoja kakaa barazani na kitabu, na kila ukipita ukurasa ni ule ule.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilidhani nimepata dawa yake. Nikaomba hela kwa mkuu wa shule, nikanunua soda na biskuti, nikashika kipaza sauti. Wote wasio na wageni wakusanyike bwaloni! Nia yangu ilikuwa safi kabisa. Wakaja, wakakaa kwenye mabenchi, wakanywa soda kimya, na kila mgeni aliyepita dirishani akawaona. Siku ya wazazi iliyofuata nikatangaza tena. Hakuja hata mmoja. Niliwakuta bwenini saa saba mchana, wamelala, shuka mpaka kichwani. Matroni wetu, mama aliyeishia darasa la saba, akaniambia, "Mwalimu, uliwaanika." Akaendelea na shughuli zake.

Yeye alikuwa na utaratibu wake, na mimi na diploma yangu nilikuwa sijauona. Alisimama getini asubuhi akiwasalimia kina mama, wengi anawajua. Akimwona anayemfaa anamvuta pembeni. "Mama, nina binti yangu mmoja leo, naomba akale kwako." Kisha anamtuma yule binti akamsaidie huyo mama kubeba kapu. Akifika nalo chini ya mti, anaambiwa kaa ule. Basi. Hakuna tangazo, hakuna soda. Na nikuambie, wepesi wa kukubali walikuwa wauza mitumba na wauza ndizi, waliokuja kwa daladala na mtoto mwingine mgongoni. Wenye magari waliona haya, sijui ya nini.

Wewe una gari. Muulize binti yako kwa sauti ya chini ni rafiki gani hana mtu leo. Mwite akusaidie kitu. Usimuulize wazazi wake wako wapi. Usimpige picha.

Mkishakula, omba kuonyeshwa bweni. Usihangaike kuangalia kama kitanda kimetandikwa vizuri. Angalia mlango. Unafungukia nje? Ufunguo usiku anakaa nao nani, na yeye analala wapi? Madirisha yana nondo? Kama yana nondo, mlango wa pili uko wapi? Sisi wa Kilimanjaro hatuulizi haya kwa udadisi. Mwaka 1994 bweni la sekondari ya Shauritanga, kule Rombo, liliungua usiku, na wasichana wapatao 40 walikufa. Nilikuwa kazini. Habari zilipoenea, wazazi walianza kufika shuleni kwetu bila kualikwa, wengine kwa miguu, wanataka tu kuwaona binti zao kwa macho. Hatukumzuia mtu. Mwaka 2017 ikatokea Nairobi, Moi Girls, wasichana 10. Mzazi anayeuliza habari za mlango huonekana msumbufu. Wewe sumbua, ila usipayuke. Mkuu wa shule naye ana faili zima la barua za kuomba bweni jipya. Tafuta wazazi wenzako, muandike barua pamoja, muipeleke kwenye bodi ya shule. Barua ya mtu mmoja husahaulika mezani.

Na matroni usimwendee mikono mitupu. Sisemi bahasha. Nunua pakiti mbili tatu za taulo za kike zaidi ya zile za binti yako, umwachie aweke kabatini. Mtoto wa kidato cha kwanza anapogonga mlango wake usiku wa manane analia, hajui kimempata nini, ni kabati lile linalofunguliwa. Bei mnazijua. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo, na mwaka uliofuata ikairudisha kwa sababu bei madukani haikuwa imeshuka. Hiyo habari ya nani alikula tofauti tuiache. Kuna msichana pale ambaye akinunua pakiti moja, mwezi huo anafulia maji matupu.

Kuna jambo jingine la familia shuleni ambalo haliandikwi kwenye ratiba. Msiba. Wasichana mamia kwa mamia chini ya paa moja, muhula hauishi bila mmoja wao kufiwa. Na sisi tuna desturi ya kumficha mtoto, unaijua. Ndugu wanapiga simu ofisini. Mwalimu, mama yake amefariki usiku, lakini tafadhali msimwambie. Tunakuja kumchukua. Mwambieni mama anaumwa.

Nilifanya hivyo. Nilimtoa darasani binti wa kidato cha tatu, nikamwambia akapange nguo, mama anaumwa kidogo, mjomba anakuja. Akaniuliza, "Kidogo, mwalimu?" Nikasema, kidogo. Akarudi darasani kuchukua daftari la biolojia, kwa kuwa Jumatatu alikuwa na jaribio. Baadaye mjomba wake alinieleza kwamba walipokata kona ya kuingia kwao, akaliona turubai na viti, hakupiga kelele. Alikaa tu ndani ya gari na daftari lile mapajani, akakataa kushuka.

Alirudi baada ya mazishi. Alikuwa na adabu zake zote. Shikamoo mwalimu, anapita. Lakini mpaka anamaliza kidato cha nne hakuniuliza tena jambo lolote, hata swali la darasani. Sikuwa na la kumlaumu. Angeniuliza, angejuaje kama jibu ni la kweli?

Likitokea la kutokea kwetu, na mimi umri huu siwezi kulificha, usiombe shule imdanganye mjukuu wangu. Njoo mwenyewe, au tuma mtu anayempenda. Kaeni naye chumbani kwa matroni, mumwambie. Atalia. Wenzake watalia naye, bweni zima, tena kwa sauti, na hakuna atakayedhurika. Wakishalia watachanga. Nimeona watoto wenye hela ya kuhesabu wakitoa mia mbili, mia tano, dada mkuu anaandika majina kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Siku ya mazishi gari la shule linafika na mwalimu, matroni na wasichana wachache waliovaa sare. Hawangoji kuonyeshwa pa kukaa. Wanapita moja kwa moja nyuma ya nyumba kuosha vyombo. Wafiwa huwa wanaulizana hao ni kina nani.

Sisi wenyewe tulisoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, baada ya Mwalimu Nyerere kuandika waraka ule wa 1967, jembe mkono huu na kitabu mkono huu. Siku ya wazazi kwangu lilikuwa jina tu. Nilikuwa Tabora, kwetu Marangu, nani aje? Tulisafiri kwa waranti ya serikali, treni ikikwama mnalala njiani, na likizo fupi haikutosha kwenda na kurudi. Kwa hiyo tulikwenda kwa wenzetu. Mama wa rafiki yangu mmoja wa Urambo alinipokea kama aliyenizaa. Alinifundisha kuunga mchicha kwa karanga, na nilipouunguza alinikalisha nikaula wote. Nilipoolewa sikumpelekea kadi, nikidhani ni mbali mno, nitamsumbua. Alikuja. Aliteremka stendi ya Moshi na kiroba cha karanga, akauliza nyumba ya baba yangu mpaka akaipata. Haya niliyoiona siku ile bado ninayo.

Ndiyo maana nasema ukifika pale usijifungie na binti yako chini ya mti wenu. Sogeza mkeka. Uliza wale jirani wanatoka wapi, chukua namba. Siku basi la watoto likiharibika Singida saa mbili usiku, hutampigia mkuu wa shule. Utampigia mama wa Singida.

Mtani wangu mmoja husema wazazi wa siku hizi waliondoka na ada. Kuna kaukweli. Tangu Januari 2016 sekondari za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza mpaka cha nne, na 2022 wakaongeza cha tano na cha sita. Mimi niliyewafukuza watoto ada kwa amri ya ofisi, nikiwaona wakifungasha huku wanalia, naishukuru hatua hiyo kila siku. Lakini zamani mzazi alikuja shuleni walau kuonyesha risiti ya benki, na akija anaomba kumwona mtoto, na akimwona anauliza hayo madoa ya ngozi yameanza lini. Sasa hata risiti haipo. Mwalimu amekuwa mtu wa kutumiwa ujumbe.

Waliosoma sekondari ya wasichana ya Weruweru chini ya mkuu wao wa shule, Mama Maria Kamm, sasa nao ni mabibi. Mtaje mama huyo mbele yao uone wanavyonyoosha mgongo. Yule aliitwa mama na watoto wa watu, na mama zao huko majumbani wakaridhia. Si jambo dogo kumruhusu mwanamke mwingine aitwe hivyo na mwanao. Unamruhusu ukishakaa naye, mkala sahani moja, ukamwona akikasirika na akicheka. Kwa ujumbe wa simu haiwezekani.

Mahafali sina haja ya kukuhimiza. Huko mnakuja wenyewe, na matarumbeta, na keki, na mashada ya maua ya plastiki mpaka shingo ya mtoto haionekani. Nina ugomvi mmoja tu. Wahitimu wakianza kusoma risala, kaeni chini mnyamaze. Ndio wakati wazazi wanainuka kwenda kupanga keki, na wapiga picha wanapita katikati. Ile risala mwalimu ameshaisafisha lugha na kupunguza ukali, nakuambia mimi niliyezisafisha, lakini sehemu ya changamoto ni ya watoto wenyewe. Maji hayatoki. Uzio umeanguka. Maabara haina gesi. Mgeni rasmi atasikia mara moja apande gari lake. Wadogo zao wanabaki mikononi mwenu. Na nunua shada moja la ziada, ulishike tu. Wakipanga mstari utamwona wa kumvisha.

Lakini hiyo ni miaka mitatu ijayo. Sasa ni Jumamosi hii, na naona bado unawaza basi. Sisi tulikuwa na sababu. Mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, kila kitu kikawa cha kuwahi. Marufuku hiyo iliondolewa 2023. Hilo gari liache, barabara hiyo na usingizi havipatani. Ijumaa jioni unapandia Mbezi, alfajiri uko Moshi. Jumamosi usiku unapanda tena, Jumapili unaamkia kwako, unawahi hata misa ya pili. Kata tiketi ya kwenda na kurudi leo, zinaisha. Ndizi nitapika mimi. Pita hapa asubuhi uchukue hotipoti kubwa, ile ya buluu, na mkeka uko nyuma ya mlango. Sahani nitaweka za kutosha.